Ndoana na Pete: Habari za Uvuvi wa Maskelanji

Historia ina desturi ya kupenda vitu vikubwa. Huandika habari za falme, vita na miji, ikapita mbali na sindano, msumari na ndoana. Walakini mkono wa mwanadamu hukaa zaidi juu ya vitu vidogo kuliko juu ya vikubwa, na mara nyingi mageuzi ya moyo wake huonekana kwanza katika vitu hivyo. Insha hii yataka kueleza habari za vipande viwili vya chuma ambavyo vyote pamoja havijazi kiganja: ndoana ya ncha tatu, na pete inayoining'iniza chini ya chambo cha bandia. Mahali pake ni maziwa na mito ya Amerika ya Kaskazini, na samaki wake ni maskelanji. Kwa muda mrefu mvuvi wa samaki huyu alichagua ndoana yake kwa swali moja tu: je, itamshika? Baadaye alilazimika kuongeza swali la pili: je, itamwachilia? Swali hilo la pili liligeuza uchaguzi wa chuma, na sababu zake zinastahili kujulikana.

Maskelanji, ambaye wavuvi wamelifupisha jina lake wakamwita maski, ni mkubwa wa ukoo wa paiki, samaki wawindaji wa maji baridi ya kaskazini. Kwa umbo angemkumbusha mtu wa pwani yetu mzia: mwili mrefu, taya refu, meno makali, na mapezi yaliyorudi nyuma karibu na mkia ili yamsukume mbele ghafula kama mshale. Makao yake ya asili ni Maziwa Makuu ya Amerika, Mto St. Lawrence, sehemu za juu za Mississippi na bonde la Ohio. Jina lake latoka katika lugha ya Waojibwe, wenyeji wa nchi hizo tangu kabla ya kuja Wazungu. Jike hukua kuliko dume, na anayefika urefu wa inchi 50 ni fahari ya maisha ya mvuvi. Samaki wa kimo hicho aghalabu amekwisha kuishi zaidi ya miaka 15.

Mwindaji aliye juu ya wote hawezi kuwa mwingi kama mawindo yake. Kwa hiyo maski ni wachache katika kila ziwa, na wavuvi wana msemo kuwa maski ni samaki wa kurusha chambo mara 10,000. Tena hata akiisha kuuma, kazi haijaisha. Hutikisa kichwa kwa nguvu, huruka juu ya maji, na hujiviringisha kama mamba mpaka mshipi ukamzunguka. Taya lake ni gumu, na ndoana haizami humo kwa urahisi. Chuma chochote kilicho dhaifu hunyoka au hufunguka saa hiyo, na mtu aliyerusha siku nyingi hurudi nyumbani na chambo kitupu.

Ndoana si jambo geni katika nchi hizo. Maelfu ya miaka iliyopita watu ambao wataalamu wa mambo ya kale huwaita watu wa Shaba ya Kale waliokota shaba iliyo karibu safi kandokando ya Ziwa Superior, wakaipasha moto, wakaifua kwa mawe, wakatengeneza visu, ncha za mikuki na ndoana. Waojibwe nao walikuwa na ufundi mwingine. Wakati wa baridi, maji yalipoganda, walitoboa barafu, wakajifunika gizani juu ya tundu ili waone chini, wakachezesha kwa uzi samaki wa mti aliyechongwa na kutiwa uzito. Samaki huyo wa mti hakuwa na ndoana hata moja. Kazi yake ilikuwa kuita tu. Aliyeitikia wito alichomwa kwa mkuki. Msomaji na akumbuke jambo hili, maana chambo cha bandia cha siku zetu kimeunganisha kazi mbili zilizokuwa mbali: kuita na kushika. Mahali zinapounganishwa kazi hizo mbili ndipo ilipo pete.

Ndoana ya feleji ilikuja kutoka Ulaya. Mwaka 1496 kilichapishwa Uingereza kitabu kidogo juu ya uvuvi wa mshipi, ambacho kwa desturi hutajwa kuwa cha Juliana Berners. Kilimfundisha msomaji kujifanyia ndoana mwenyewe: achukue sindano, aipashe moto mpaka iwe nyekundu, ainue kwa kisu kijino cha nyuma ya ncha kinachozuia ndoana isichomoke, aipinde, kisha aipashe tena na kuichovya majini ipate ugumu. Si ajabu, basi, kwamba mji wa Redditch, uliosifika kwa sindano, ulisifika pia kwa ndoana. Biashara hizo mbili zilikuwa watoto wa mama mmoja: waya, moto na maji. Mwaka 1877 katika Norwe, Mathias Topp, fundi wa kampuni ya Mustad ya Gjøvik, alibuni mashine ya kutengeneza ndoana. Tangu hapo ndoana, ambayo zamani ilipita mikononi mwa watu wengi kabla ya kwisha, ikawa bidhaa ya kumwagika kwa maelfu, na bei yake ikashuka. Hapo mvuvi alipata uhuru ambao mababu zake hawakuwa nao, yaani uhuru wa kuitupa ndoana moja na kuweka nyingine.

Wakati huo huo Wamarekani walikuwa wakitengeneza vyambo vya bandia. Husimuliwa kuwa Julio Buel aliangusha kijiko ziwani alipokuwa akila, akaona samaki akikidaka kinapozama kwa kumetameta. Kama hadithi ni kweli au si kweli, hati ya serikali ya kumlindia ubunifu wake ni ya mwaka 1852, na kijiko chake chenye ndoana kiliwavua maski wengi. Mwishoni mwa karne hiyo James Heddon wa Dowagiac, Michigan, alichonga vyambo vya mti, na biashara kubwa ikazaliwa. Kiwanda cha Creek Chub katika Garrett, Indiana, kilitengeneza samaki wa mti wa kuvutwa majini. Frank Suick wa Antigo, Wisconsin, alitengeneza ubao mwembamba wenye mkia wa bati, ambao ukivutwa huzama, ukiachwa huelea, kama samaki anayekata roho.

Vyambo vingi vya mwanzo vilikuwa na kasoro moja. Ndoana zake zilishikizwa kwa skrubu zenye kitundu au vikombe vidogo vya bati vilivyofungwa katika mti. Ndoana ikivunjika, mvuvi alilazimika kuing'oa skrubu. Tundu likalegea, maji yakaingia, mti ukavimba. Kasoro kubwa zaidi ilikuwa ya nguvu. Ndoana isiyo na uhuru wa kugeuka huufanya mwili wa chambo kuwa wenzo mkononi mwa adui. Samaki akipinda kichwa, urefu wote wa mti hutia uzito wake juu ya ncha moja, na ncha hupasua nyama au hunyoka.

Dawa ya kasoro hiyo ilikuwa pete, ndugu wa ile tunayotungia funguo. Ni waya wa feleji uliozungushwa mara mbili na kulazwa pamoja, usio na kiungo wala mshono. Mvuvi huutenga mzunguko mmoja na mwingine kwa koleo lenye jino, akaipitisha ndoana mpaka itokee ndani. Kwa pete hiyo ndoana hugeuka pande zote kama mlango juu ya bawaba, na samaki hukosa wenzo. Tena ndoana mbovu huondolewa kwa muda mfupi, bila ya kuudhuru mwili wa chambo. Kitu kidogo namna hii kilimpa kila mvuvi mamlaka juu ya chambo ambacho kabla yake kilikuwa amri ya kiwanda peke yake.

Mamlaka huja na wajibu wa kujua. Hesabu ya ndoana yenyewe humchanganya mgeni. Katika ndoana ndogo, namba ikiongezeka kimo hupungua: namba 4 ni ndogo kuliko namba 2. Zikiisha kupita namba 1, hesabu hugeuka na kuandikwa pamoja na sifuri, na hapo namba ikiongezeka kimo huongezeka: 5/0 ni kubwa kuliko 2/0. Vyambo vingi vya maski huchukua ndoana kati ya 2/0 na 5/0, na vile vikubwa sana huchukua zaidi. Unene wa waya una alama yake, herufi X pamoja na tarakimu. 2X maana yake waya ni mnene kama wa ndoana iliyo kubwa kwa daraja mbili. Juu ya hayo viwanda havina kipimo kimoja. Ndoana ya 3/0 ya kiwanda kimoja yaweza kulingana na ya 4/0 ya kingine. Kwa hiyo mvuvi mwenye busara haamini namba iliyo juu ya kasha. Huiweka ndoana mpya kando ya ile ya zamani na kutazama kwa macho yake.

Macho peke yake nayo hayatoshi, kwa kuwa chambo ni mizani. Aliyekitengeneza alikipima pamoja na ndoana zake. Ukiweka nzito zaidi, kile kilichoelea polepole huzama, au hulala upande, au hupoteza mwendo uliomfanya samaki akiamini. Ukiweka nyepesi, huibuka upesi na kuyumba ovyo. Basi ndoana ya zamani na mpya, pamoja na pete zake, hupimwa juu ya mizani ndogo, kisha chambo hujaribiwa majini karibu na mashua kabla hakijarushwa mbali. Wako wanaofanya hivyo makusudi, wakamtia uzito wa nyuma samaki wa mti ili azame kwa mkia. Lakini yule anayejua na yule anayebahatisha hawafanyi kazi moja, hata kama matokeo yao yafanana siku moja.

Nafasi nayo ina neno. Ndoana za mbele na za nyuma zikining'inia kwa pete kubwa mno, hufikiana na kukamatana, au hukamata mshipi wakati wa kurushwa, na mrusho mzima hupotea. Njia ya kujua ni nyepesi: zivute ndoana mbili zielekeane, zisigusane. Chambo kilichotumika husema chenyewe, maana ncha huchora upinde juu ya rangi yake pale zinapofika. Pete ndogo mno nayo huibana ndoana isigeuke, na hapo ile kasoro ya zamani ya wenzo hurudi kwa mlango wa nyuma. Pete nene mno haipiti katika kitundu cha ndoana, au hupita kwa kulazimishwa ikabaki imetanuka. Pete iliyotanuka haifai kurudishwa kazini, hata ikionekana imefunga tena. Wazee walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika uvuvi huu ufa wenyewe ni ule mwanya mwembamba kati ya mizunguko miwili ya waya.

Katika miaka ya 1990 jambo moja liliongeza uzito wa habari hizi. Ilienea mishipi ya kusuka ya nyuzi za polithilini, myembamba, isiyonyumbuka, yenye nguvu nyingi. Mvuvi wa maski sasa hutumia mshipi wa ratili 80 au 100. Mshipi wa zamani ulinyumbuka na kuchukua sehemu ya mshtuko. Mpya hauchukui hata kidogo, bali huupeleka wote kwenye chuma. Vyambo vilivyotoka dukani na pete hafifu vilifunguka, na ndoana nyembamba zilinyoka. Hapo kubadilisha ndoana na pete, jambo lililokuwa la mafundi wachache, likawa desturi ya wengi, na kanuni ikakaa kuwa pete isiwe dhaifu kuliko mshipi.

Hadi hapa tumezungumza juu ya kushika. Kwa miaka mingi hakuna aliyetaka zaidi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, maski aliyeshikwa alikuwa maski aliyekufa. Wengi walimpiga rungu kichwani, na palikuwa na desturi ya kumpiga risasi kwa bastola kando ya mashua kabla ya kumpakia, hata sheria ikaja kukataza. Mwaka 1949, karibu na mji wa Hayward, Wisconsin, zilitangazwa rekodi mbili: Cal Johnson akatoa samaki wa ratili 67 na aunsi 8 katika Lac Courte Oreilles, na Louis Spray akatoa wa ratili 69 na aunsi 11 katika Chippewa Flowage. Rekodi hizo zimebishaniwa sana, na kila moja ina chama kinachoitambua. Kwa habari yetu lililo kubwa ni picha za nyakati hizo: samaki wananing'inia juu ya misumari, na watu wamesimama kando yao kwa fahari. Fahari na mauti vilikuwa kitu kimoja.

Wakati huo maski walikuwa wakipungua katika maji mengi. Ufukwe ulijengwa, mazalio yakaharibiwa, na wakubwa walitolewa kabla ya kuacha uzao wa kutosha. Serikali zilizalisha vifaranga katika vituo vyake. Wisconsin ilianza kazi hiyo mwaka 1899, na mwaka 1955 ikamfanya maski kuwa samaki wa nembo ya jimbo. Lakini kujaza kwa mkono mmoja na kumwaga kwa mwingine si akiba. Wataalamu kama Edwin Crossman wa Royal Ontario Museum, Toronto, walisoma umri wa maski katika mfupa wa bega lake, ambao huongeza tabaka mwaka hata mwaka kama mti. Mifupa ilisema kwa uwazi kuwa samaki mkubwa ni mzee, na kwamba nafasi yake haijazwi kwa msimu mmoja wala kwa misimu mitano.

Mwaka 1966 Gil Hamm wa St. Paul, Minnesota, alianzisha chama cha Muskies, Inc. Chama hicho kilizalisha samaki, na pia kilihubiri jambo ambalo wengi waliliona kichekesho: kumvua maski na kumrudisha majini akiwa hai. Kichekesho kikawa desturi, na desturi ikawa heshima. Leo maski wengi wanaovuliwa na wavuvi wa mchezo huachiliwa, na vimo vya chini vilivyowekwa na sheria vimeinuliwa katika maji mengi.

Kumbe kuachilia ni kazi ngumu kuliko kuua. Samaki aliyekamatwa na ncha tatu au sita, pengine moja katika taya na nyingine karibu na shavu la kupumulia, na zote zimenasa katika wavu, hufa upesi mtu akihangaika naye kwa koleo. Joto likizidi majini hali huwa mbaya zaidi. Wavuvi wengi huacha kabisa kumtafuta maski maji yanapofika nyuzi 27. Njia iliyoshinda ni ya ukali juu ya chuma na huruma juu ya nyama: samaki huachwa majini ndani ya wavu, na mvuvi huingiza mkasi wa kukatia chuma na kuikata ndoana palipopinda. Chambo huanguka, samaki yu huru, na ndoana imekwisha. Ndoana hununuliwa dukani. Miaka 15 hainunuliwi.

Hivyo swali la pili lilikaa kando ya la kwanza, na yote mawili hayapatani kwa urahisi. Waya mnene haunyoki, lakini haukatiki upesi, tena wahitaji nguvu nyingi kuzama katika taya gumu. Waya mwembamba huzama na kukatika vizuri, lakini waweza kunyoka samaki anapojiviringisha. Feleji isiyoshika kutu hudumu katika kasha la mvuvi, na kwa sababu hiyo hiyo hudumu katika nyama ya samaki ikibaki humo. Wengi wamechagua njia ya kati: ndoana ya feleji ya kawaida, kali, yenye waya wa kutosha mshipi wao na usiozidi uwezo wa mkasi wao. Kabla ya safari huujaribu mkasi juu ya ndoana mbovu ya aina ile ile. Wengine huponda vijino kwa koleo; wengine huondoa ncha tatu na kuweka ncha moja. Na wote huchukua ndoana na pete za akiba, maana siku njema ya uvuvi sasa ni siku ya kuharibu ndoana.

Wako wasemao kwamba kumshika samaki na kumwacha ni mchezo juu ya maumivu ya kiumbe, na kwamba mwenye haki ya kuvua ni mwenye njaa. Hoja hii haiwezi kusukumwa kando kwa mkono mmoja. Waojibwe wa Wisconsin ya kaskazini walijiwekea haki ya kuvua katika mapatano ya 1837 na 1842, na mahakama ya rufani iliithibitisha mwaka 1983. Hakuna haki ya kumtaka anayevua kwa chakula cha nyumba yake afuate desturi za anayevua kwa furaha. Sheria ya kuachilia ni deni la yule asiye na njaa. Yeye ndiye aliyekwenda ziwani kwa hiari, na ni juu yake kuhakikisha kuwa furaha yake haimgharimu mwingine uhai. Deni hilo hulilipa kabla ya kurusha, mezani kwake, anapochagua waya gani, kimo gani, na pete ipi.

Shaba iliyofuliwa kwa jiwe, sindano iliyopindwa motoni, na waya uliotoka katika mashine, vyote vilitafuta kushika, navyo vilifaulu. Ilichukua maelfu ya miaka mpaka mtu atamani ndoana iliyo rahisi kuharibika mikononi mwake mwenyewe. Watu wengi hudhani kuwa chombo huwa bora kwa kuongezeka nguvu. Maski ametufundisha kuwa chombo chaweza kuwa bora pia kwa kuwekewa mpaka, na mpaka huo ukipimwa vizuri, mvuvi hupata samaki wake, na ziwa halimpotezi.